Usaili wa Leontine Daigle Mjini Houlton

Mwaka aliotimiza miaka kumi na saba, Leontine Daigle aliifundisha nyumba nzima ya baba yake kungoja barua. Kabla ya hapo barua ziliingia kijijini Saint-Ignace, kaskazini kabisa mwa Maine, kama ziingiavyo kwa wakulima wa viazi popote: hati ya deni la mbolea, kalenda ya parokia, salamu za shangazi aliyehamia viwandani kusini, nazo zilitupwa juu ya kabati la vyombo hadi mtu apate wasaa wa kuzifungua. Lakini tangu majuma ya mavuno, shule zilipofungwa kama ilivyo ada ya Bonde, ukingo ule wa mto wa wasema Kifaransa, ili watoto wakaokote viazi, Leontine alikuwa akinyoosha mgongo katikati ya matuta kila aliposikia gari la posta likipanda kutoka mtoni. Wadogo zake, waliokuwa wakijaza mapipa kandokando yake, wakawa wananyoosha migongo pamoja naye.

"Limepita, Madamu Profesa," alisema Irène, aliyemfuata kwa kuzaliwa na aliyewapita wote kwa ukali wa ulimi. "Hawajakuita. Inama tuokote."

"Okota vyako. Nusu ya pipa lako ni udongo."

"Udongo nao una uzito. Baba hakusema tuokote viazi vitupu."

Chanzo cha kungoja huko kilikuwa Sista Clothilde, mtawa aliyefundisha Kilatini na elimu ya viumbe katika shule ya masista. Yeye ndiye aliyegundua kwamba binti wa Euclide Daigle hakutosheka kuambiwa kwamba kiazi huoza. Alitaka kujua kwa nini kilianza kuoza katika shamba la bondeni, unakolala ukungu wa mto, ilhali shamba la juu likasalimika. Sista akamsaidia kupeleka maombi katika chuo kimoja cha wanawake kule Massachusetts, kwa kuwa vyuo vikubwa vya wanaume katika zama zile havikuwapokea wasichana, na elimu iliyo sawa na ile ilipatikana katika vile vya wanawake tu. Alama zake zilitosha, na ushuhuda wa Sista ulitosha. Kilichosalia ni usaili. Chuo hakikumpokea msichana ambaye hakuna mtu wa chuo aliyepata kuketi naye uso kwa uso. Na kwa wale waliokaa mbali, kazi hiyo ilikabidhiwa wanawake waliosoma hapo zamani, kila mmoja katika wilaya yake, nao waliwaita wasichana majumbani mwao kwa kikombe cha chai. Chuo kingeandika kumjulisha ataitwa na nani, na lini.

Nyumbani, aliyengoja zaidi ya Leontine mwenyewe alikuwa mama yake. Philomène Daigle alitolewa shuleni angali mdogo akapelekwa kwenye kiwanda cha wanga, na homa iliyompata utotoni ilimwachia moyo dhaifu, uliokuwa ukimsimamisha katikati ya ngazi, ameshika ukuta, kana kwamba amekumbuka jambo. Hakupata hata siku moja kusema kuwa alitamani kusoma. Alisema tu, "Leontine atasoma," kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Baba hakupinga wala hakuunga mkono. "Hao ni Waingereza," alisema, maana kwa watu wa Bonde kila aliyesema Kiingereza nyumbani na kusali katika kanisa lisilo na sanamu alikuwa Mwingereza, hata kama mababu zake walizaliwa papo hapo Maine. "Mwingereza hampi Mfaransa kitu kabla hajamsimamisha uani kwanza."

"Euclide," mkewe alimwambia, "kula chapati zako za ploye, zinapoa."

Barua ilikuja baada ya theluji ya kwanza. Msaili alikuwa Bi Harriet Lunt, mjane wa daktari, mkazi wa Houlton, mji wa mbali upande wa kusini. Naye angefurahi kumpokea Bi Leontine Daigle Jumamosi mojawapo ya Desemba, alasiri. Philomène aliisoma barua ile kwa kidole, akairudisha ndani ya bahasha, akaitoa tena.

Matayarisho yalifuata. Mama aliligeuza koti lake mwenyewe la harusi, upande wa ndani ukawa nje, akalishonea kola mpya. Akafuma glovu za sufu, nene, za tabaka mbili.

"Usizivue hizi mpaka uambiwe uketi," alimwambia. "Mwanamke wa heshima havui glovu mlangoni."

"Mama, haya umeyajulia wapi?"

"Gazetini."

"Gazeti gani?"

"Lile walilofungia mayai. Usinicheke. Mayai yalikuwa mazima, na maneno yalikuwa mazima."

Kisha akatia katika kikapu chupa ya jemu ya matunda ya porini, akaifunga kitambaa juu, na kwenye kifuniko akaandika kwa penseli neno la shukrani na jina la ukoo, kwa sababu kwenda mikono mitupu kwenye nyumba ya mtu lilikuwa jambo asilolijua.

Siku ilipowadia alipelekwa na Onésime, mjomba wake, aliyekuwa akishusha mbegu za viazi huko Houlton. Lori lilikuwa na joto upande wa miguu tu. Leontine alikaa amekipakata kikapu, akirudia kimoyomoyo maneno ya Kiingereza ambayo ulimi wake ulikuwa na desturi ya kuyatia Kifaransa.

"Wakikuuliza unapenda kula nini," alisema mjomba, "usiseme ploye."

"Niseme nini sasa, Mjomba?"

"Sema samaki wa kopo. Waingereza wote wanakula samaki wa kopo. Ukisema hivyo watakupa chuo na samaki juu."

"Na wakiniuliza kwa nini nataka kusoma?"

Onésime alifikiri kwa muda mrefu kiasi, na kwa mtu wa mzaha kama yeye ilikuwa ajabu. "Waambie mama yako ni dada yangu," alisema. "Wakimjua yeye, hawatauliza zaidi."

Alimshusha kwenye kona ya mtaa wa nyumba kubwa nyeupe, akamwambia atarudi kumpigia honi giza likiingia.

Nyumba ya Bi Lunt ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilitoka barabarani moja kwa moja hadi mlango wa mbele, theluji yake imefukuliwa na kingo zimenyooshwa. Ya pili ilizunguka ubavuni, nyembamba, ikaishia nyuma kwenye banda la kuni lililoungana na jiko. Leontine aliitazama ile ya kwanza, akaogopa. Nyumbani kwao, na katika kila nyumba aliyoijua tangu kuzaliwa, mlango wa mbele ulifunguliwa kwa bibi harusi, kwa askofu, na kwa jeneza. Mara ya mwisho kuuona wa kwao uko wazi, alikuwa akitembea nyuma ya babu yake aliyebebwa na wanaume. Watu walio hai, wenye shida zao na salamu zao, waliingilia jikoni. Kwa njia ile kufukuliwa vizuri hivyo alidhani mwenye nyumba anamtazamia mchungaji wake, au amefiwa. Na msichana aliyekuja kuomba akipita hapo ataonekana amejikweza. Akazunguka nyuma.

Alibisha mlango wa jiko, akiwa bado amevaa glovu kama alivyousiwa. Sufu nene juu ya mbao nene haikutoa sauti kubwa kuliko paka anayeruka chini kutoka kitini. Alingoja. Akabisha tena. Ndani alisikia saa ya ukutani ikigonga, kisha hatua za mtu zikienda na kurudi mbali kidogo, na kupitia ufa wa mlango ikamjia harufu ya keki iliyotoka kuokwa. Kwa hiyo mtu yumo. Basi bila shaka yuko na msichana mwingine, Leontine alijisemea, na adabu ni kumwacha amalize. Akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni, kikapu magotini, akaanza kusali rozari kwa kuyahesabu mafundo ya ncha ya kitambaa, kwa kuwa rozari yenyewe Sista alimshauri asiende nayo mkononi.

Matendo ya furaha yakaisha, akaingia katika ya uchungu. Baridi ilipanda kutoka miguuni. Mara moja alisimama, akabisha kwa nguvu zaidi, na kwa upande wa dirisha la jiko aliliona pazia likitikisika. Akajinyoosha, akaweka uso wake sawa, akatabasamu. Hakuna aliyefungua. Kuanzia hapo kungoja kwake kulibadilika. Alikuwa akingoja zamu. Sasa alingoja kama mshtakiwa, akijiuliza ni kitu gani katika koti lile, au katika uso ule, ambacho mtu amekiona dirishani na kikamtosha.

Giza lilipoingia alisikia honi ya lori. Hakujua la kufanya na ile jemu. Kuirudisha kwa mama hakuweza. Akaiweka juu ya rafu ya banda, nyuma ya makopo ya rangi, akatoka.

Nasi hatuna haja ya kufichwa yale ambayo Leontine hakuyajua hadi miezi ilipopita. Bi Lunt alizaliwa Massachusetts, akaja Maine akiwa bibi harusi wa daktari. Kwao mgeni wa heshima huingilia mbele. Aliagiza njia ile ifukuliwe kwa ajili ya Leontine, asije akalowesha viatu. Aliwasha moto sebuleni, akaoka keki, akatandika kitambaa cha mezani ambacho hukitoa Pasaka. Sikio lake moja lilikuwa limekufa na la pili lilisikia nusu. Alasiri nzima alitembea kutoka kwenye moto hadi dirisha la barabarani na kurudi, akimngoja msichana aliyekuwa amekaa nyuma ya ukuta wa nyumba yake. Pazia la jikoni lilitikiswa na joto la jiko. Jioni, akiwa na machungu ya mzee aliyedharauliwa, aliandika chuoni sentensi moja tu: kwamba mwombaji hakufika, wala hakutuma neno.

"Ilikuwaje?" Philomène aliuliza, kabla mlango haujafungwa.

Leontine alivua glovu. "Hakunifungulia, Mama."

"Hakuwepo?"

"Alikuwepo."

Euclide aliweka uma chini. Hakusema kwamba alitabiri, na kunyamaza kwake huko kulikuwa ni huruma. Lakini Sista Clothilde alipokuja Jumapili, akitaka kuandika kuuliza kulikoni, alimzuia. "Hapana, Sista. Binti yangu amekaa kwenye theluji siku moja. Hakai siku mbili."

"Euclide, pengine kuna kosa."

"Kosa lipo. Ni kwamba tulimpeleka."

Sista alimgeukia Leontine. "Wewe mwanangu unasemaje?"

Naye Leontine, ambaye angeweza kusema neno moja likageuza mambo yote, alikuwa akiliona pazia lile. "Baba amesema kweli," alijibu. Mama yake alinyanyuka akaenda kutia kuni jikoni, ingawa jiko lilikuwa limejaa. Februari chuo kiliandika kwa maneno ya adabu kwamba maombi ambayo hayakukamilishwa kwa usaili hayawezi kuzingatiwa.

Theluji ilipoyeyuka, mwanamke aliyemfanyia Bi Lunt usafi alifungua banda la kuni alifagie, akakuta kwenye rafu chupa iliyopasuliwa na barafu, jemu imegandia makopo ya rangi, na kifuniko chenye maandishi ya penseli. Akampelekea bibi yake. Bi Lunt alikikazia macho kifuniko kile, akaketi. Juma lilelile alikodi gari, akapita barabara za matope za mwezi Mei hadi shule ya masista ya Saint-Ignace, akasimama katika ukumbi chini ya sanamu ya Mama Bikira, akasema kwa sauti ya juu ya watu wasiosikia, "Namtaka Bi Daigle! Nina deni la maelezo naye!"

Leontine aliitwa kutoka darasani. Hapo ndipo walipoonana mara ya kwanza.

"Ulikuja," alisema Bi Lunt.

"Nilikuja, Bibi."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, mimi ni kiziwi. Ulibisha?"

"Nilibisha! Mara nyingi!"

"Wapi?"

"Mlango wa jikoni."

"Kwa nini jikoni, Mungu wangu?"

Leontine alimtazama Sista, akamtazama tena mgeni. Hakujua swali lina maana gani. "Ndiko watu wanakoingilia."

"Na ule wa mbele?"

"Sisi ule wa mbele tunatolea maiti, Bibi."

Bi Lunt alikigeuza mkononi kile kifuniko. "Nilikaa pale nikikuchukia," alisema taratibu, na hapo tu sauti yake ilishuka. "Alasiri nzima. Na keki mezani."

"Na mimi pia, Bibi," alisema Leontine. "Samahani."

Bi Lunt aliandikia chuo akajilaumu mwenyewe bila kujipunguzia. Chuo kilijibu kwamba nafasi za mwaka ule zimejaa, ila Bi Daigle anakaribishwa kuomba tena, na usaili wake utakuwa Desemba ijayo, kwa Bi Lunt huyohuyo. Philomène alipoelezwa, alicheka hadi akashika ukuta. Alimtaka Leontine arudie ile sehemu ya mlango. "Umemwambia maiti? Hivyohivyo? Ee Yesu, binti huyu!" Kisha akasema, "Mwaka si kitu. Mwaka tutaungoja." Na Euclide, aliyekuwa akisikiliza kwa nyuma, alitoka nje akakaa muda mrefu kwenye ngazi, akiiangalia minara ya makanisa ya ng'ambo ya mto.

Mwaka ule Leontine alifanya kazi katika kiwanda cha wanga, palepale mama yake alipofanya, na jioni alisoma na Sista. Mavuno yalipokwisha moyo wa Philomène ulianza kushindwa. Alihamishiwa kitanda jikoni, karibu na moto, kwa sababu ngazi hakuzimudu tena. Miguu ikamvimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alimwita Euclide nje, wakazungumza kando ya ghala la viazi. Euclide aliporudi alisimama mbele ya binti yake mkubwa, akasema, "Hawa wadogo..." akashindwa kuendelea, akachukua ndoo ambayo haikuhitajika popote, akatoka nayo.

Leontine alielewa. Hakukasirika. Alikesha siku kadhaa akimuuliza Mola wake kama lipo jambo jingine analotakiwa kulitazama ambalo hajalitazama. Lakini kila alipogeuka aliona lilelile: mtoto mdogo aliyekuwa akijifunza kutembea kwa kushika kitanda cha mgonjwa, na Irène aliyekuwa amenyamaza siku hizi.

"Niache mimi," Irène alimwambia siku moja wakiosha vyombo. "Nitawalea. Wewe nenda."

"Una miaka kumi na minne."

"Nina mdomo. Watanisikia."

"Watakusikia, kweli," alisema Leontine, akamfuta povu lililomrukia shavuni, na hawakulizungumza tena.

Ila mama hakujua kwamba uamuzi umekwisha kufanyika. Mama alikuwa akihesabu kwa Jumamosi. Kila aliyemtembelea alimwambia, "Desemba Leontine anaenda kusailiwa," na siku ilipofika alidai aletewe koti alitazame, akakikaza kwa mkono wake mwenyewe kishikizo kilicholegea, akipumzika kati ya mshono na mshono.

Safari hii Bi Lunt hakuachia mlango wowote ufanye kazi yake. Lori la Onésime lilipofika kwenye kona, alikuwa amesimama pale barabarani na fimbo yake, amefunga skafu mbili, pua imekuwa nyekundu. Alimshika Leontine mkono hakuuachia mpaka sebuleni. Moto ulikuwa unawaka. Chai ilikuwa tayari. Pembeni ya sahani ya keki palikuwa na karatasi za chuo na kalamu.

"Kabla hujamimina, Bibi," alisema Leontine, akiinua sauti, "nakuomba usiandike."

"Nisiandike nini?"

"Ripoti. Mama yangu anakufa. Sitakwenda."

Bi Lunt aliweka birika chini. Leontine alidhani hakusikia, akataka kurudia, lakini Bi Lunt alikuwa amesikia.

"Kuna njia," alisema hatimaye. "Ufadhili upo. Naweza kuwaomba wakusubiri mwaka mwingine."

"Mtoto wetu wa mwisho hajaanza kusema vizuri. Mwaka mwingine atakuwa bado mdogo. Na mwaka wa baada ya huo."

"Basi mwanangu, kwa nini umekuja? Umbali wote huu, na mama mgonjwa?"

Leontine alivua glovu zake, moja baada ya nyingine, akazilaza mapajani. "Yuko macho ananingoja. Nikirudi ataniuliza uliniuliza nini, na mimi nilijibu nini. Sijui kumwambia jambo ambalo halikutokea. Sijawahi. Kwa hiyo nakuomba uniulize, kama ungemuuliza yeyote. Usiniachie swali."

Mzee yule aligeuza uso wake kwenye moto kwa kitambo. Alipougeuza tena alikuwa ameuweka katika hali ambayo wasichana wengi wa wilaya ile walikuwa wameiogopa. Akamimina chai. Akasukuma karatasi kando. "Vizuri, Bi Daigle," alisema. "Kwa nini chuo cha wanawake?"

"Kwa sababu nyumbani nikifungua kitabu na kaka wa jirani yumo chumbani, birika likichemka ni mimi ninayenyanyuka. Hakuna anayeniambia. Mwili wenyewe unanyanyuka. Nilitaka kuona chumba ambamo wote ni wa kunyanyuka. Nilitaka kujua nani atakwenda."

"Nami nilikaa humo," alisema Bi Lunt. "Birika liliungua."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kilipokwisha waliendelea. Alimuuliza kuhusu Kilatini. Alimuuliza ni wapi alipokosea katika maisha yake na alifanya nini baada ya hapo. Leontine alimjibu kuhusu siku aliyomwambia Sista kwamba baba amesema kweli, ilhali angeweza kusema, andika uulize. Bi Lunt akamuuliza anataka kujua nini duniani; na hapo Leontine alisahau kwamba hasailiwi kwa ajili ya lolote. Alieleza shamba la bondeni na shamba la juu, jinsi madoa yanavyoanza kwenye majani ya chini, upande wa mto, asubuhi za ukungu. Jinsi alivyopanda kiangazi hiki mistari miwili kwa kuipa nafasi kubwa zaidi upepo upite, na madoa yakachelewa, lakini hakujua kama ni upepo au ni bahati, na angehitaji miaka, na darubini, na mtu wa kumwambia pale anapojidanganya. Mikono yake ilikuwa ikichora mashamba juu ya kitambaa cha Pasaka. Kisha akaona mikono yake inavyochora, akaiondoa mezani.

Chai ilikuwa imepoa. Honi ililia nje, nayo safari hii wote wawili waliisikia.

"Ningewaandikia wakuchukue," alisema Bi Lunt. "Ningewaandikia kwamba wakikuacha ni wapumbavu."

"Ahsante, Bibi. Nitamwambia mama kwamba umesema hivyo. Umesema, sivyo?"

"Nimesema," alijibu mzee, akainama akazikusanya karatasi tupu, akazikunja na kuzitia katika mfuko wa aproni yake, kwa kuwa hakutaka msichana yule azione zikienda motoni.

Philomène alikuwa macho kama ilivyotarajiwa, ameegemezwa kwenye mito mitatu. Leontine hakuvua koti. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akamsimulia yote aliyoweza kumsimulia, tangu skafu mbili za Bi Lunt hadi birika lililoungua. Mama alisikiliza amefumba macho, akiyarudia majibu kwa midomo. Lile la birika alilipenda akataka lirudiwe. "Baba yako amelisikia? Euclide! Njoo usikie hili." Euclide alikuja akasimama mlangoni na kofia mkononi, na macho yake na ya binti yake yakakutana juu ya kichwa cha mgonjwa. Akasikiliza kama mtu asiyejua kitu.

"Na mwisho alisemaje?"

"Alisema wakiniacha ni wapumbavu."

"Mwingereza huyo alisema?"

"Ndiyo, Mama. Kwa mdomo wake."

Philomène alipumua, pumzi ndefu kuliko zote za mwezi ule. "Barua hutoka lini?"

"Aprili. Barua zao hutoka Aprili."

"Wanakataa wengi?"

"Wengi."

"Wewe hawatakukataa."

"Hapana, Mama," alisema Leontine. "Mimi hawatanikataa." Na neno lile lilikuwa kweli tupu, naye alilisema akijua ni la aina gani, akamwomba Mungu alipokee kama lilivyo.

Januari na Februari mama aliuliza habari za posta kila siku, hata siku za Jumapili. Alifariki Machi, ardhi ingali imeganda, wakamweka katika nyumba ya maziko ya parokia pamoja na wafu wengine wa majira yale hadi udongo ulainike. Leontine aliwalea wadogo zake. Aliwasuka, aliwapiga, aliwafundisha Kilatini jikoni, akamsindikiza Irène kwenye harusi yake na yule wa mwisho kwenye treni ya jeshi. Aliolewa akiwa amepita miaka thelathini, na mgane mwenye mashamba ya juu. Bi Lunt alikufa mapema, wala hawakuonana tena. Wadogo zake walipokuwa watu wazima, mmoja wao aliwahi kumuuliza kama chuo kile kilipata kujibu baada ya usaili ule wa pili. Leontine alikuwa akikata mbegu za viazi, kila kipande na jicho lake. Alisema hakikujibu, akaendelea kukata.